Nywele za Aliyebaki

Bukavu, Kadutu, tarehe 6 Oktoba 1957

Kwa Xavier Bulonza, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, chuo cha wasaidizi wa waganga Saint-Roch, Stanleyville

Mwipwa wangu,

Nakusalimia kwa mukono wa kuume, wa kushoto umeshika kikombe cha chai. Sisi hapa wote tuko, isipokuwa yule tuliyemuzika na wewe uliyekwenda. Mimi mujomba yako niko muzima. Mugongo tu unaniuma, kwa sababu vichwa vya watu wa Kadutu viko chini sana na mimi niko murefu. Mvua imeanza. Njia ya kushuka kwa soko imekuwa sabuni, na wateja wangu wanafika kwenye kiti wakiteleza, hata wale ambao hawakuwa na mawazo ya kunyolewa. Sina neno na mvua.

Agathe jirani yetu anakusalimia. Anauliza kama huko Stanleyville watu wanakula mamba. Nimemuambia nitauliza. Sasa nimeuliza.

Siku ile kamyo ya dereva Lucien ilipokuchukua, ulitazama sana upande wa nyumba. Niliona. Ukaniuliza, «Mama iko wapi?» nikakujibu iko anachambua maharage. Ilikuwa kweli. Alichambua maharage yaleyale mara tatu. Mutu wa kilio hauzi sokoni, basi hayakuwa ya kuuza, na sisi hatuli maharage mengi hivyo. Nakuandikia tu nilichokiona. Maana yake utaitafuta mwenyewe, wewe ndiwe mwenye kwenda chuo.

Sasa neno lenyewe. Narudilia tulivyopatana, kwa sababu siku ya safari kichwa kinasikia nusu. Katika nyumba ya bibi yako, mutoto akifa, mama yake na ndugu zake hawakati nywele. Zinaota pamoja na kilio. Halafu siku moja, asubuhi moja, vichwa vyote vinanyolewa, nywele zinachanganywa, zinazikwa chini ya mugomba, na kilio kimekwisha. Mama anafua nguo, anarudi sokoni, anaruhusiwa kucheka. Kichwa kimoja kikikosa, bado. Ndugu yako Benoît alikufa mwezi wa saba, na chuo chako hakikutaka kungoja. Ndiyo sababu tulisema: utakwenda na nywele zako, na siku nitakayokuandikia utazikata hukohuko, utie ndani ya bahasha, utume. Wazee walikubali kwa shida, hawakujua kama posta inapokea nywele. Nilikwenda kuuliza. Karani akaniuliza, «Za mutu mufu ao muzima?» Nikasema, za mwanafunzi. Akasema, «Basi, hiyo iko katikati,» akaruhusu.

Kwa hiyo chunga kichwa chako. Wenye nywele hizo mumebaki wawili tu, wewe na mama yako. Mimi ni mujomba, desturi hainishiki, na tena kinyozi mwenye nywele ndefu hapati mutu.

Utume fotografi. Mama yako hakuomba. Alisema tu kwamba ukuta wa mulangoni uko mutupu.

Mujomba yako,
Barthélemy


Stanleyville, tarehe 10 Novemba 1957

Mujomba mupendwa,

Barua yako ilifika baada ya wiki tatu, imelowa pembeni lakini inasomeka. Ninakushukuru. Nasalimia mama, nakusalimia wewe, nasalimia maman Agathe. Umuambie kwamba mamba wanauzwa sokoni, wamekatwa vipande, na kwamba bado sijathubutu.

Safari ilichukua siku tano. Pale Bunyakiri tulipita salama. Baada ya Walikale tulikwama katika matope siku nzima, na Lucien aliimba kwa hasira mpaka tukatoka. Chuo ni kizuri. Tunalala arobaini katika chumba kimoja, kila mutu na kitanda chake cha chuma na kisanduku chake. Tunakula muchele na samaki wa muto. Tunajifunza mifupa. Iko mia mbili na sita, yote kwa Kifaransa, na frère, mutawa anayetufundisha, ameleta mifupa ya kweli ndani ya sanduku. Wenzangu wawili walikataa kuigusa. Mimi niligusa.

Sisi wa mwaka wa kwanza tunaitwa bleus. Wakubwa wanatutuma maji, wanatuimbisha, ni desturi ya chuo tu, itapita mbele ya Noeli.

Kuhusu fotografi, mupiga picha anakaa ng'ambo ya muto, na ruhusa ya kuvuka si rahisi. Mama anisamehe kwanza.

Ninafanya kazi sana. Usiku na muchana nakumbuka nyumbani.

Mwipwa wako,
Xavier Bulonza

Mujomba, nauliza tu. Mutu wa kilio akipata ugonjwa wa kichwa, na waganga wakamunyoa, wazee wa kwetu wanasema nini? Ni kwa ajili ya mwenzangu moja.


Bukavu, Kadutu, tarehe 15 Desemba 1957

Mwipwa wangu,

Amani ikufikie mahali ulipo, na kama umetoka, ikungojee kitandani. Hapa tuko. Mbuzi ya Agathe ilikula kitambaa ninachofungia wateja shingoni, na Agathe alikuja kunilalamikia kwamba kitambaa changu kimeigonjesha mbuzi yake. Tumepatana: mimi namunyoa mume wake bure mwezi moja, na mbuzi haitashitakiwa.

Barua yako nimemusomea mama yako. Unajua ninavyosoma. Nilijifunza mwenyewe, kwenye vipande vya gazeti vya kufutia wembe, ndiyo sababu najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache. Lakini barua nasoma mpaka chini. Mama yako alisikiliza huku anashona. Nilipofika «pale Bunyakiri tulipita salama» alisema, «Rudilia hapo.» Nikarudilia. Akauliza, «Hakuandika tena neno?» Nikasema hapana. Akasema, «Haya, endelea,» nasi tukaenda kwenye mifupa.

Nilidhani wewe ungeandika zaidi. Ni pale kamyo ilipomuangukia ndugu yako. Lakini kila mutu na kalamu yake.

Mwenzako anayeugua kichwa, umupe pole yangu. Nilimuuliza muzee Gaston, anayejua desturi zote na anaongeza zingine. Alijibu, «Mwenye kunyolewa na waganga ni kama mwenye kuibiwa. Hana kosa. Ila apaswa kusema, watu wajue.» Ni hivyo tu. Umuambie mwenzako haiko neno gumu.

Sasa, siku imekatwa. Itakuwa Posho, Jumamosi tarehe mosi Februari, asubuhi. Barua yako iwe imefika mbele, basi kata nywele zako mara tu ukisoma hii. Mama yako amekwisha kuanza kuhesabu Siku za Mungu, Jumapili kwa Jumapili. Juzi Agathe alimutania mbele ya watu, «Apolline, mutoto wako sasa ni muzungu, atakutumia nywele za kulala chini kama za mahindi.» Mama yako akamujibu, «Hata akituma za mahindi, mimi nitazijua.» Watu wakacheka. Na yeye, nilimuona, ilibaki kidogo acheke. Akakumbuka nguo aliyovaa, akafunga mudomo.

Nakuambia hayo ili ujue tuko wapi. Tangu mwezi wa saba mama yako analala chini, anakula mara moja, hatoki penye lupango, uani kwetu, ila kwenda kanisani. Wanawake wa soko wamechukua nafasi yake ya kuuzia, wanasema wanamuchungia. Unajua kuchunga kwao.

Noeli njema. Fotografi?

Barthélemy


Stanleyville, tarehe 5 Januari 1958

Mujomba mupendwa,

Heri ya mwaka mupya kwenu wote. Mimi niko muzima, masomo yanaendelea.

Nimekata nywele kama ulivyoagiza. Zimo ndani ya karatasi hii iliyokunjwa. Naomba ziwafikie kwa wakati, na mama aondoe kilio na arudi sokoni, maana sipendi kusikia kwamba analala chini.

Katika mutihani wa mifupa nimekuwa wa tatu.

Sina habari nyingine.

Xavier


Bukavu, Kadutu, tarehe 9 Februari 1958

Mwipwa wangu,

Salamu. Sote tuko wazima. Ulikuwa wa tatu, nimeeleza kila mutu aliyekaa kwenye kiti changu, na mwenye wembe shingoni hakatai kupongeza.

Bahasha ilifika tarehe 27 Januari. Niliifungua kazini, peke yangu, nikaweka nywele juu ya kitambaa cheupe, nikazitazama. Halafu nikavaa miwani, nikazitazama tena.

Xavier. Mimi nilikunyoa mara ya kwanza ukiwa na miaka miwili, ukaniuma kidole. Nimekunyoa kwa komunyo ya kwanza, kwa kipaimara, kwa kila mwanzo wa shule. Nywele zako ni nyembamba na kavu, zinaruka mbele ya wembe, siku nzima nazitoa ndani ya shati langu. Hizi ulizotuma ni nene, zimelala, zimeoga mafuta ya brilantini kwa miaka. Na kati yao iko moja nyeupe. Miaka kumi na tisa hairuhusu, hata kwa mutu anayejifunza mifupa.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Posho ikafika. Wazee walikuja, wanne, muzee Gaston mbele. Maji yalikuwa ndani ya beseni, mugomba umelimiwa chini, mama yako amekaa kwenye kiti, amekwisha kufungua kitambaa cha kichwa. Nywele zake zimetoka nyeupe mbele. Mwezi wa saba hazikuwa hivyo. Muzee Gaston akaniuliza, «Za mutoto ziko wapi?» Nikajibu, «Posta bado.» Nimesema uongo mbele ya wazee wanne na beseni moja. Bahasha ilikuwa mufukoni.

Mama yako alifunga tena kitambaa chake, polepole, pembe juu ya pembe, akanyanyuka, akamwaga maji mwenyewe.

Sikukasirika. Niko naandika bila hasira, unaweza kuona, mistari imenyooka. Lakini sikiliza kilichofuata. Lucien alikuja kunyolewa siku ya Kazi Tatu, Jumatano, akaniambia, «Barthélemy, dada yako amenituma. Nikienda Stanleyville nyuma ya Pasaka, anataka nimuletee mutoto wake, pamoja na valizi ya nguo zake.» Niliacha kichwa chake nusu, nikapanda nyumbani.

Nikamuuliza, «Apolline, na chuo je?»

Akajibu, «Chuo kitapata mwingine. Mimi nitapata mwingine wapi?»

Nilirudi kumaliza Lucien.

Mama yako hajui habari ya bahasha. Yeye anafikiri tu kwamba umbali umekushinda, kwamba mutoto aliye mbali hawezi kumaliza kilio, na kilio kisichokwisha kitamuua yeye ao wewe. Kwa mawazo yake, kukurudisha ni kukuokoa. Nikimuambia bahasha ina nywele za mugeni, atakufuata kwa miguu.

Kwa hiyo niambie kweli, mbele ya Pasaka. Kama kichwa chako kiliugua, muzee Gaston amekwisha kusema haiko neno. Kama ni kitu kingine, sema kile kitu kingine.

Nywele zile nazirudisha humu. Mupe mwenyewe. Siwezi kuzika chini ya mugomba wetu mutu muzima nisiyemujua.

Mujomba yako


Stanleyville, tarehe 9 Machi 1958

Mujomba,

Nakusalimia. Nilianza barua hii mara nne.

Sikuugua kichwa. Mwenzangu sikuwa naye pia, na wewe ulijua.

Katika chuo hiki, Posho ya pili ya mwezi wa kumi, wakubwa wanawakusanya bleus uani, wanawaimbisha, halafu wanawanyoa wote na mashini. Tulikuwa thelathini na nane. Tulipanga mustari. Mbele yangu alikuwa mutu wa Opala, jina lake Apollinaire. Alipofika kwenye kiti alisema, «Mimi niko wa kilio, baba yangu amekufa, msininyoe.» Wakacheka. Wakamuita musenji, mutu wa porini, wakamuambia chuo si kijiji, wakamuuliza kama baba yake anahesabu nywele zake mbinguni. Lakini wakamuacha. Mujomba, wakamuacha. Alinyanyuka na nywele zake akaenda.

Halafu mimi. Aliyeshika mashini ni Grégoire, wa mwaka wa tatu, mutu mukubwa, ana miaka thelathini na miwili, alikuwa infirmier, muuguzi wa hospitali, mbele ya kuja hapa. Yeye hakucheka. Aliweka mukono juu ya kichwa changu, akaona nywele zilivyo ndefu, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, «Hizi, iko sababu?»

Wengine walikuwa bado wanacheka nyuma yangu. Ningesema neno moja.

Nikasema, «Hakuna sababu.»

Zilifagiliwa pamoja na za wengine, wakazichoma nyuma ya jiko. Nilisikia harufu. Barua yako ya kwanza, ile ya kuchunga kichwa, ilinikuta nacho kitupu.

Mujomba, sikuogopa kupigwa. Niliogopa kuitwa musenji mara moja, na watu nisiowajua, kwa dakika moja. Kwa hiyo nilisema kwamba Benoît haiko sababu.

Nilipopata barua yako ya Desemba nilimueleza Grégoire yote. Akachukua makasi akakata za kwake. Alidhani ananisaidia. Mimi pia nilidhani. Nimemurudishia. Alicheka sana habari ya ile moja nyeupe, halafu hakucheka tena.

Na Bunyakiri. Lucien alipunguza mwendo pale, akavua kofia. Mimi nilikuwa kando yake, nilijifanya nimelala.

Tangu Posho ile sijakata nywele tena. Ni miezi mitano. Frère ameniadhibu mara mbili kwa uchafu. Sijui kama zina maana yoyote sasa, nimeziacha tu.

Mama akitaka nirudi, nitapanda kamyo ya Lucien bila maneno. Nadhani ana haki. Ila nikiulizwa mimi, nataka kubaki. Hapa kuna wagonjwa wanaoniita kwa jina. Umusomee, ao usimusomee, nakuachia wewe.

Xavier


Bukavu, Kadutu, tarehe 24 Aprili 1958

Kwa mukono wa maman Apolline

Mwipwa wangu,

Mwenye kukuletea barua hii hajui kusoma, kwa hiyo isome mbele yake bila woga, ila mukalishe kwanza. Siku tano juu ya kamyo si kidogo kwa mwanamuke ambaye safari yake ndefu ilikuwa Katana.

Sisi wengine tuko wazima, na mimi niko muzima ila navaa kofia. Sababu utaiona chini.

Barua yako ya Machi ilifika siku ya Ijumaa Kuu. Niliisoma peke yangu, halafu nikapanda kumusomea mama yako. Nilikuwa nimepanga. Nilipofika pale penye «hakuna sababu», nilisoma, «nilikuwa na homa, sikuwa na nguvu ya kujibu.» Nilisoma vizuri, na sauti, bila kukwama. Mama yako akaniambia, «Barthélemy, macho yako yameruka. Rudi.» Hajui herufi hata moja. Ananijua mimi. Nikarudi, nikasoma kama ulivyoandika.

Halafu akauliza kitu kimoja. «Huyo Grégoire aliuliza kwa sauti ya chini?»

«Ndiyo, kwa sauti ya chini.»

«Basi kule kuna mutu,» akasema.

Na Bunyakiri alisema, «Mimi nilichambua maharage, yeye alilala. Tuko sawasawa.»

Siku ya Posho tuliita wazee, nikatubu habari ya bahasha. Wamenikasirikia ipasavyo. Muzee Gaston akatoa hukumu, «Nywele za kilio zimechomwa na moto wa wageni. Kilio kimevunjika, lazima kianzwe upya, na mutoto awe hapa.» Wengine wakaitika. Mama yako anakaa siku zote nyuma ya mulango wazee wakisema. Safari hii aliingia.

Akasema, «Zile za kwanza ziliota hapa, tukilia wote pamoja, Agathe analeta chakula. Hizi ameziotesha peke yake, na wanamuadhibu. Zipi ni za kilio?»

Muzee Gaston akaomba tumbako. Sijawahi kumuona akiomba tumbako katikati ya desturi.

Mimi nikasema, vizuri basi, azikate, atume bahasha nyingine. Mama yako akanitazama. «Bahasha sitaki tena. Bahasha inakubali kila kitu unachotia ndani. Nitakwenda mwenyewe.»

Ruhusa ya safari haikuwa nyepesi. Tulikwenda bureau ya serikali mara tatu. Karani, kijana wa shati jeupe, aliuliza, «Mama, sababu ya safari?» Akajibu, «Kunyoa.» Karani akaweka kalamu chini. «Stanleyville hakuna vinyozi?» Akajibu, «Wako. Ndio walioharibu.» Kijana akanitazama mimi, mimi nikatazama ukuta. Ameandika coiffure. Mama yako sasa ana karatasi yenye muhuri inayosema yeye anasafiri kwa kazi ya nywele, mimi kinyozi wa miaka ishirini sijapata karatasi kama hiyo.

Haji kukuchukua. Nilimuuliza mara mbili, kwa sababu nakujua, utatafuta valizi. Mara ya kwanza alisema, «Nakwenda kumunyoa, nirudi sokoni, yule anayechunga nafasi yangu amekwisha kupanua.» Mara ya pili alisema niache kuuliza. Valizi iache ilipo. Lucien atazunguka na kamyo siku mbili, halafu anamurudisha.

Amemuambia Lucien asimamishe kule Bunyakiri, ashuke. Mimi sitakuwepo. Kama akikuambia alichofanya pale, ni chenu.

Sasa kazi yenyewe, sikiliza vizuri, hapa mimi ndiye mwalimu. Atakunyoa yeye. Alikataa nikufundishe wewe kwa barua kujinyoa, alikataa Grégoire, alikataa kila mutu. Lakini hajawahi kushika wembe, kwa hiyo wiki mbili hizi amejifunza, na kichwa cha kujifunzia kilikuwa kimoja tu katika lupango letu. Ndiyo kofia. Wateja wananiuliza nani alinifanyia hivi, ili wasiende kwake.

Wembe niliomupa ni ule wa Solingen, ninaomunyolea padri. Maji yawe ya moto kidogo. Sabuni nyingi. Mwanzoni anakimbiza wembe, halafu anatulia akifika nyuma ya sikio, sijui kwa nini hapo.

Ukimaliza kunyolewa, wewe utamunyoa yeye, asubuhi ileile. Usishituke na weupe wa mbele. Weka kidole gumba, vuta ngozi taratibu, wembe ufuate nywele zinapolala, usipigane nazo. Kuna kovu dogo upande wa kushoto, aliangukia jiwe tukiwa watoto, mimi nilimusukuma. Pita pembeni. Zako na zake zichanganyeni. Mugomba mutatafuta hukohuko. Muzee Gaston amekubali mugomba wowote, mradi uwe unazaa. Muite na Grégoire, na yule Apollinaire wa Opala kama atapenda. Mama yako aliuliza jina lake mara mbili njiani kwenda bureau.

Atakukata kidogo. Mimi alinikata mara saba, nikapiga kelele mara moja tu, akaacha kazi siku mbili. Kwa hiyo wewe usiruke. Akiuliza kama inauma, sema hapana.

Sasa kunja barua. Mama yako iko mbele yako, na mimi namujua, tangu Lubutu hajala kitu.

Mujomba yako,
Barthélemy